Kinyozi na Mche Wake

Kila asubuhi binti wa Kinyozi alimwekea baba yake chai kwenye chupa, akaenda kazini. Mlango ukifungwa, nyumba ilibaki kimya. Kwa miaka thelathini Kinyozi alinyoa nusu ya mtaa. Kisha akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Wateja walikuja kumjulia hali mara mbili tatu, halafu wakapata kinyozi mwingine.

Jumanne na Alhamisi alipelekwa kwenye kituo cha wagonjwa wa kiharusi. Kituo kilikuwa na bustani, lakini wagonjwa walikaa tu kwenye benchi, wakimtazama mfanyakazi akipalilia. Kinyozi hakusema na mtu.

Siku moja akaja bibi shamba aliyesomea kuwasaidia wagonjwa kwa kazi za bustani.

"Bustani hii ya nani?" akamuuliza mkuu wa kituo.

"Ya wagonjwa."

"Mbona jembe analo mfanyakazi?"

Mkuu akacheka, akamuuliza wafanye nini.

"Pandeni kwenye masanduku juu ya meza, mtu afikie akiwa amekaa," bibi shamba akaeleza. "Vipini vya vifaa vizungushieni kitambaa viwe vinene, mkono dhaifu uweze kushika. Anzeni na dakika ishirini tu. Kila mtu awe na mche wake. Na msimfanyie analoliweza, hata akichelewa."

Meza zilipokuwa tayari, Jumanne moja Kinyozi akapewa mche wa nyanya.

"Nitauvunja," akasema.

"Ukivunjika tutapanda mwingine, mzee wangu."

Udongo ukamwagika. Mfanyakazi akataka kusaidia, bibi shamba akamkonyeza amwache. Mara ya tatu mche ukasimama, umeinama kidogo.

Kinyozi akautazama. "Kesho nani ataumwagilia? Mimi sipo."

"Mimi nipo," akajibu mwalimu mstaafu aliyekaa karibu naye, mama mwenye mkono mmoja mzito kama wake. "Jumatano nitauangalia wako. Alhamisi uniangalizie wangu."

"Haya, mwalimu."

Wiki kadhaa zikapita. Daktari hakumwahidi kwamba mkono utarudi kama zamani, lakini vidole viwili vilianza kushika. Siku nyingi bado alishinda peke yake. Jumatano moja simu ikalia.

"Kinyozi, wako umetoa ua!"

"Kweli? La rangi gani?"

Alijua vizuri kwamba ua la nyanya ni la manjano. Aliuliza ili mwalimu asikate simu.