Mgeni wa Mama Wegesa

Jioni yao ya kwanza Bweri, mjini Musoma, mtu alipiga hodi. Consolata alikuwa anasonga ugali, mikono yote miwili kwenye mwiko, akaitikia bila kugeuka, "Karibu, pita ndani, tunakula." Mlango ukafunguka, kisha ukajifunga taratibu. Binti yake Wegesa, aliyenuna juu ya begi lake tangu lori liliposhusha vyombo, aliona wazi kwamba hakuna aliyeingia. Ila kiti cha plastiki pale ukutani kililia, kama vile kimekaliwa.

"Mama, nani huyo?"

"Watoto wa jirani hao. Nawa mikono."

Wegesa hakubishana, alikuwa na yake moyoni. Maisha yake yote ni Butiama, mara mama kahamishiwa kazi Musoma, na yeye kabebwa pamoja na masufuria. Kesho yake shuleni wakamwita mgeni, na wiki nzima hakuna aliyemsogelea. Aliuchukia mji na wala hakuficha.

Nyumbani ilianza harufu, ya majivu yaliyomwagiwa maji, ikija kila wakipakua chakula. Halafu ugali ukawa unamegeka upande ambao hakuna mtu. Halafu mdogo wake Gody, wa darasa la kwanza, akawa anajisogeza mkekani kila wakikaa kula.

"Unampisha nani?" Wegesa alinong'ona.

"Mgeni. Anakaaga hapa," Gody alijibu kwa sauti ndogo. "Ananiliaga tonge langu. Nikitafuna, linaishia mdomoni."

Gody alikonda mpaka sare ikamning'inia. Hospitali walipima, hawakuona kitu. Siku aliposhindwa kuinuka kitandani, Consolata alimwita katekista Samwel. Samwel alisali, akanyunyiza maji ya baraka kila kona. Alipokifikia kile kiti, matone yalikauka hewani kabla ya kugusa plastiki, na mzee wa watu akasahau hata chai yake.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza huku akitafuta kiatu kwa mguu.

"Mimi," Consolata alisema, machozi yakimtoka. "Nilisema karibu. Sikuangalia."

"Basi ni mgeni wako, mama. Mgeni wa mtu mimi siwezi kumfukuza."

Akaondoka, na kwa umri wake aliondoka mbio kweli.

Consolata akaanza kukunja nguo. "Turudi Butiama," alinong'ona. "Mtoto atanifia hapa."

Hilo ndilo Wegesa alilolitaka tangu lori lilipowashwa kule kwao. Lakini alimtazama mdogo wake, mbavu zikihesabika, na hasira ikampanda. Kwa nini waondoke wao?

"Mama, kwetu mgeni anaondokaje?"

"Anasindikizwa."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka njia panda. Wegesa, usithubutu!"

Tayari alikuwa amesimama mbele ya kiti. "Mgeni, umekula, umelala. Inuka nikusindikize."

Kiti kililia.

Ulikuwa mchana wa jua kali. Wegesa alitembea bila kugeuka, na vumbi kuliani kwake likawa linaruka kwa hatua za miguu isiyoonekana, na kuku wakakimbilia chini ya magari, na mwanamke aliyekuwa anaanika dagaa akanusa hewa kisha akawavuta wanawe ndani bila kuuliza neno, na ile harufu ikamjaa kooni mpaka akawa anapumua kwa mdomo, hadi walipofika panapokutana njia yao na barabara kuu iendayo Bunda.

Hapo akasikia sauti sikioni. Ilikuwa ya Hilda, rafiki yake aliyemwacha Butiama, ambaye Wegesa alikuwa akimlilia kila usiku.

"Twende wote, Wegesa. Mimi na wewe ni wageni tu hapa. Mji huu haukutaki. Nipe mkono."

Kitu cha baridi kiligusa vidole vyake. Moyo ulimuuma, maana alimtaka Hilda kweli. Lakini alijua akitoa mkono, Gody hatamwona tena.

Akaficha mikono kwapani. "Mgeni ni wewe!" alisema kwa nguvu hadi dereva wa bodaboda akageuka. "Mimi nakaa Bweri. Mdogo wangu anakaa Bweri. Nimekufikisha, nenda."

"Nitarudi," ilisema, na sasa haikuwa sauti ya Hilda wala ya mtu yeyote.

Hatua zikaanza kuchapa lami kuelekea Bunda, polepole, na harufu ikazifuata. Wegesa alirudi nyumbani mbio, na hakuona aibu kukimbia.

Alimkuta Gody ameketi, shavu limejaa, anameza na kuomba ugali mwingine. Consolata alikuwa amesimama na zile nguo mikononi, hajui azipeleke wapi.

"Ameondoka?" aliuliza kwa kunong'ona. "Ameahidi kwamba harudi?"

"Amesema atarudi," Wegesa alijibu, akimpakulia mdogo wake. "Basi arudi. Mimi sihami."