Mama Alinitembeza Dubai, Bangkok na Guangzhou… Kumbe!

"Huyu? Huyu nilikuwa nambeba kwa ajili ya kilo zake tu!"

Ni sauti ya mama yangu mzazi. Tena anacheka!

Mimi nimesimama nyuma ya majora ya vitambaa, hapa soko la Zhongda, Guangzhou, China, nimetoka kununua maji. Huyo "huyu" ndiye mimi, Swalha, ambaye sasa ni mtu mzima na safari hii nimemleta mama kutembea.

Jamani!

Ngoja niwaeleze. Mama alikuwa anauza nguo Kariakoo. Shule zikifungwa alisafiri na mtoto mmoja tu, mimi. Dubai nikiwa darasa la tatu. Baadaye Bangkok. Halafu Guangzhou, nikiwa fomu tuu. Dada yangu Dalila na kaka yangu Maulid walibaki kwa bibi wanalia.

Mpaka leo nawaringishia! Nilijua mimi ndiye kipenzi.

Uwanja wa ndege mama alikuwa ananivalisha jinzi tatu na makoti mawili. "Vaa mwanangu, kwenye ndege kuna baridi." Natembea nimetanua miguu kama nimetoka jandoni, na moyoni nasema mama ananijali.

Kumbe alikuwa anapunguza uzito wa mabegi!

Kwa msiojua biashara hii, kila tiketi ina kilo zake za mizigo. Mtoto naye anazo, na nguo zake ni chache. Zinazobaki ni za mama.

Hayo ndiyo alikuwa anamsimulia Mama Zulekha, mwenzake wa zamani tuliyemkuta dukani. Laoban mwenye duka anabonyeza kikokotoo chake, hana habari.

Tulipofika hotelini nikashindwa kuvumilia.

"Mama, nilikusikia."

"Umesikia nini?"

"Mambo ya kilo."

Akakaa kitandani, akaanza kujikanda magoti.

"Ee. Ulitaka nikwambie nini?"

"Kwa nini mimi, kwa nini sio Dalila?"

"Dalila alikuwa msumbufu. Wewe nikikukalisha juu ya mzigo, unakaa hapo hapo mpaka nirudi."

Yaani miaka yote naringa, kumbe sifa yangu ni kukaa kimya! Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi.

"Nilidhani unanipenda kuliko wao."

"Nilikuwa nimechoka, Swalha. Baba yenu kafa, nyinyi watatu mnataka ada. Sikuwa hata na nguvu ya kujua nampenda nani zaidi."

Nikafungua mdomo nimjibu. Akaniwahi.

"Na mimi safari hii umenileta kufanya nini?"



"Si… kutembea, mama. Upumzike."

"Mabegi yangu yana nini?"

Nikaangalia chini. Yana lesi za wateja wangu wa harusi, oda za haraka. Nguo zake nilimwambia aweke kwenye mkoba.

"Na tangu juzi nani anakaa juu ya mzigo wewe ukizunguka?"

Nikakaa sakafuni, pembeni ya mabegi. 

"Kwa hiyo ulijua?"

"Tangu Dar! Uliponiambia nisibebe vitu vingi. Kazi hiyo nimeifanya kabla yako, unanificha nini?"

"Sasa mbona ulikubali kuja?"

Akajilaza, akanipa mgongo.

"Nikikupigia simu uko bize. Nikija kwako umetoka. Nikaona bora niwe kilo, angalau kwenye ndege nitakaa karibu na wewe."

Jamani… nililia mpaka mhudumu wa hoteli akagonga mlango!

Asubuhi sikwenda sokoni. Nikamuuliza mama anataka kwenda wapi, Guangzhou nzima achague yeye. Akasema anataka kulala. Basi nikajilaza pembeni yake, simu nimeitoa sauti. Wenye lesi zao wananitafuta mpaka naandika hapa.

Nyinyi mnaopost "nimempeleka mama kutembea", mmemuuliza kama anataka kutembea? Mimi mwenyewe sikuwahi kuulizwa hivyo tangu darasa la tatu, na sikujua kama mama alikuwa anasubiri nimuulize. Tuulizane mapema, jamani. Mama yangu safari hii amepanda ngazi zote za Zhongda na magoti yale, na hakulalamika hata mara moja.