Lala Chini, Mzee Yoramu!

Asubuhi hiyo Mzee Yoramu aliwakagua ng'ombe wake kama gwaride.

"Wewe, simama sawa!" alimwambia ndama.

Ndama akamlamba mkono. Mkewe, Bibi Dominika, alicheka huku akimenya ndizi.

"Baba Jesse, hata ndama hakuogopi. Watoto wa shule utawaweza?"

"Nilipigana vita vya Kagera mimi! Watoto watanishinda?"

Mwalimu Magreth alikuwa amemwalika kufundisha uzalendo katika shule yao pale Masama. Mzee alikuwa na jambo moja moyoni. Alitaka watoto wamjue rafiki yake Basili, askari aliyekufa vitani. Kijijini hakuna aliyewahi kusikia jina hilo.

Lakini alipowaona watoto wamejipanga uwanjani, uaskari ukampanda kichwani.

"Lala chini!" alinguruma.

Mvua ilikuwa imenyesha. Watoto wakajitupa matopeni kwa furaha. Basili hakutajwa kabisa.

Kesho yake Mzee aliporudi shuleni, Mama Doris alifika amebeba mashati ya mwanawe, yamegeuka rangi ya kahawa.

"Shikamoo, baba," alisema kwa hasira. "Vita viliisha zamani. Mbona mimi bado napigana na matope?" Akamgeukia mwalimu. "Huyu akirudi, mwanangu haji!"

Mzee akanywea. Bila shule, Basili angesahaulika.

"Babu," alisema Mwalimu Magreth, "uzalendo si gwaride tu. Ni kuipenda nchi na watu wake. Waeleze watoto mliishije kule. Nani alikusaidia? Uliogopa? Waache waulize. Lakini kwanza, patana na Mama Doris."

Mzee akakata jani la isale, ambalo Wachagga huombea msamaha, akampelekea Mama Doris.

"Mwanangu, nimekosa."

Mama Doris akalitazama jani. "Umeniweza, baba. Isale haikataliwi. Lakini sabuni je?"

Mzee akatoa kipande cha sabuni mfukoni. Wote wawili wakacheka.

Safari hii Mzee aliketi na watoto kwenye nyasi.

"Babu, uliogopa?" aliuliza Doris.

"Sana! Tulipochimba handaki, koleo liliniponyoka. Basili alitoka Kigoma, mimi huku. Akaniambia, 'Pumzika, sasa nachimba mimi.' Tukapokezana. Tukagawana kiazi kimoja. Mimi nilirudi. Yeye hakurudi."

Doris akauliza, "Na sisi tuchimbe nini?"

Mzee akafikiri. Mfongo, ule mfereji wa kuleta maji mashambani, ulikuwa umeziba. Mvua ile ilikuwa ya siku moja tu; migomba ilinyauka, na kila mtu alimngoja jirani yake aanze.

Jumamosi, watoto na wazazi walitoka na majembe. Aliyechoka aliambiwa, "Pumzika, sasa nachimba mimi." Maji yakashuka yakiimba hadi kwenye migomba. Watoto wakauita mfereji huo Mfongo wa Basili. Mzee akafuta macho, akisingizia jasho.

Ghafla Mama Doris akapaza sauti: "Afande! Lala chini!"

Mzee Yoramu akapiga saluti, akajitupa matopeni na suruali yake ya jeshi. Watoto wakashangilia.

Mama Doris akamrudishia kile kipande cha sabuni.

"Shika, baba. Sasa ni zamu yako kufua."