Jina ni la Janat, Mkono ni wa Nani?

Alhamisi asubuhi Janat alimlisha nyanya yake uji kwa kijiko, akamfuta midomo, kisha akashika njia ya shuleni. Mama alikuwa amekwisha kwenda kufungua duka la nguo hapo mjini Kisii. Nyanya Mariam alimwangalia tu akitoka. Tangu kiharusi kimpate mwezi wa tano, mwanamke huyo aliyesikika soko zima la Daraja Mbili akiuza ndizi hakuweza kutamka neno hata moja.

Lakini sauti yake ilikuwepo. Muhula wa kwanza, wanafunzi wa Gredi ya Saba waliambiwa wawarekodi wazee wakisimulia historia ya mji, na Janat akamrekodi nyanya mara kumi na moja kwa tableti ya shule. Sauti hizo aliziweka katika hifadhi ya shule, mashine nyeusi iliyokaa pembeni mwa chumba cha kompyuta, ambayo watoto waliiita stoo. Humo kila mmoja alikuwa na akaunti yake na nafasi yake ndogo. Jumamosi, siku ya wazazi, sauti ya Nyanya Mariam ingechezwa ukumbini, naye mwenyewe angeletwa kuisikiliza.

Somo la kwanza siku hiyo lilikuwa la kompyuta. Janat akaandika jina lake la mtumiaji, janat417, akaandika na nywila, akafungua folda yake.

Alikuta video nne za kwaya ya kanisa. Akaifunga folda, akaifungua tena. Kwaya ile ile, na hapana sauti hata moja ya nyanya. Akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "nyanya hayupo."

Mwalimu Ogweno, mtu mrefu wa kutoka upande wa ziwa, hakuwa mtu wa papara. Alikuja, akatazama, akarudi kwenye kompyuta yake iliyoonyesha kila lililofanyika stoo. Akasoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Janat, aliyefuta ni wewe."

"Mimi?"

"Janat417. Ijumaa iliyopita, saa saba na dakika kumi mchana. Sauti kumi na moja."

Jamani, hebu jiweke mahali pa msichana huyo. Darasa zima lilijua kwamba Ijumaa saa hiyo Janat huwa msikitini, na kwamba hurudi shuleni saa nane.

"Basi kuna mtu mwenye nywila yako," mwalimu akasema. "Ulimpa nani?"

Kanuni zilibandikwa mlangoni, na Janat alikuwa ametia sahihi chini yake. Nywila iwe na herufi kumi au zaidi, kubwa na ndogo, na tarakimu ndani yake. Isiwe jina lako wala la mzazi wako. Usimpe mtu yeyote. Nywila yake ilikuwa ngumu ajabu, hata mwalimu asingeikisia. Lakini mwezi uliopita Mong'ina, rafiki aliyekula naye sahani moja, alimwambia nafasi yake imejaa, amwazime akaunti siku moja tu. Janat angemnyimaje? Kila Jumatatu Mong'ina alimletea ndizi mbivu kutoka kwao Birongo. Kumnyima mtu kama huyo aliona ni uchoyo, basi akamnong'oneza nywila kama vile mtu anavyompa jirani chumvi. Siku moja ikawa mwezi.

"Sijampa mtu, mwalimu."

Uongo huo ulimtoka kabla hajaufikiria.

"Mchana ule ufunguo wa chumba hiki alikuwa nao nani?"

"Mimi," akajibu Zachariah, kiranja wa kompyuta. "Lakini sikugusa kitu cha Janat."

"Ndiye huyo," mtu akanong'ona nyuma. Wengine wakaguna.

"Niachie ufunguo mpaka tujue ukweli," mwalimu akasema.

Zachariah akavua ule uzi wa ufunguo shingoni. Uzi ukamnasa sikioni. Hapo Janat akajishtukia. Kumkosa nyanya kulimshtua, lakini kujiona akimtwika mwenzake mzigo usio wake kulimshtua zaidi. Aliona aibu.

"Mwalimu, nimedanganya. Nilimpa Mong'ina."

Mong'ina, aliyekuwa ameinamia meza tangu kwaya ionekane, akaanza kulia. "Chumba kilikuwa wazi, video zangu zikakataa kuingia, nikafuta. Zilikuwa nambari tupu, sauti moja, sauti mbili. Nilidhani ni takataka. Janat, kweli sikujua ni nyanya."

Mwalimu alikwisha kuigeukia kompyuta yake. Alikuwa akibonyeza vitufe. "Stoo hukitunza kilichofutwa kwa siku saba," akasema, "kisha hukitupa kabisa. Leo ni ya sita."

Akabonyeza mara moja tena. Sauti nene ya mwanamke ikajaa chumbani: "We mtoto, hicho kidude umekiwasha?"

Darasa likaangua kicheko. Janat alilia waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

"Nisamehe, Zachariah," akasema mwishowe.

"Nimekusamehe. Ila ungekawia kidogo ningelia mbele ya watu."

Mwalimu Ogweno akamvisha kijana ufunguo wake, kisha akawageukia wote. "Ukimwazima mtu kalamu, atakurudishia. Nywila hairudi, akishaijua, ameijua. Mashine haioni uso wa mtu. Linalofanywa kwa jina lako, utaulizwa wewe. Rafiki akijaza nafasi yake, aje kwangu nimwongezee. Kumnyima nywila si uchoyo. Na ukishakosea, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba msalaba wako. Janat, Mong'ina, mtafagia chumba hiki wiki mbili."

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya, Janat, badilisha nywila sasa hivi."

Janat akapangusa macho, akaweka vidole juu ya vitufe. Mong'ina, bila kuambiwa na mtu, akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akafumba macho, akangoja hivyo hadi rafiki yake alipomwambia amemaliza.