Punje za Kakao Juu ya Mkeka

Milka alianika kakao yake huku akitazama mpunga bondeni. Maji yalikuwa yamefika magotini. Mtaro wa kijiji ulikuwa umeziba, na mvua kubwa zilikuwa njiani.

Kila mwaka kijiji chote cha Bujonde kilizibua mtaro huo kwa siku mbili. Lakini tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kakao, watu wa ushirika, wanaouza kwa chama, na watu wa binafsi hawakushika tena jembe pamoja. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

"Ugonile, Mama Noa," Tuntufye, bwana shamba, alimsalimu Milka. "Mtaro mtauzibua lini?"

"Waulize watu wa ushirika. Hata wifi yangu Angetile, mwenzao, hanisalimu."

"Mwaka jana wewe ulisemaje?"

"Tuuze nusu ushirika, nusu kwa binafsi."

"Na leo?"

"Leo nasema ushirika ufe."

"Nani alikubadilisha?"

"Hakuna. Nimebadilika tu."

Tuntufye akapanga punje kumi za kakao kwa mstari juu ya mkeka. "Hiki ni kijiji. Punje mbili za ncha, moja huku na moja kule, ni wabishi, hawasogei. Wengine wako katikati. Kila mmoja anaegemea kidogo upande mmoja, na anamsikiliza jirani wa upande huo tu. Wasogeze kidogo kidogo kwa jirani huyo."

Milka alisogeza. Alisogeza tena. Punje zikawa mafungu mawili, katikati mkeka mtupu.

"Hakuna aliyeruka; kila mmoja alisogea kidogo tu," alisema Tuntufye. "Wiki hii umezungumza na nani?"

Milka alihesabu kwa vidole. Wote walikuwa watu wa binafsi. Aliona aibu.

"Dawa yake?" aliuliza.

"Zungumza na wa fungu la pili. Si lazima mkubaliane."

Milka hakungoja kesho. Alibeba jembe hadi kwa Angetile.

"Wifi, kakao uza utakako. Mtaro ni wetu sote. Tuchimbe wawili wawili, mmoja wa huku, mmoja wa kule."

"Nilidhani umesahau njia ya kwangu," alisema Angetile, akachukua jembe lake.

Jumamosi walichimba watu sita. Jumatatu walikuwa arobaini, wanabishana bei ya kakao huku wakitupa tope. Jumatano maji yalitiririka mtaroni. Mvua kubwa iliponyesha, mpunga haukuzama.

Siku ya kuuza kakao, Milka alipeleka gunia moja ushirika, jingine kwa binafsi. Angetile alipeleka yote ushirika. Walitembea pamoja, wakibishana njia nzima.