Shati Lisilo na Vifungo

Siku ya mechi ya raga, kituo cha treni cha Waverley hujaa hadi mtu hukosa pa kuweka mguu. Wanaume wa kila rika walikuwa wamevaa kilti, zile sketi za kiume zenye mirabaraba ya ukoo wa kila mmoja, na jezi za buluu, wakiimba huku bia zikiwamwagikia viatuni. Ailsa Dunnet alijipenyeza katikati yao akiwa amekumbatia furushi la kilti za kukodisha. Duka alilofanyia kazi kule Leith lilikuwa limemtuma awapelekee bwana harusi wa Perth na wapambe wake. Mtu akampiga kikumbo. Furushi likafumuka na kilti zikatawanyika sakafuni.

"Pole, dada. Umeangusha ukoo mzima," sauti ikasema juu yake.

Ailsa aliinua macho. Mwanamume mrefu, nywele za rangi ya kutu, alikuwa ameinama kumwokotea. Hakuvaa jezi. Juu ya kilti yake ya kijani kulikuwa na shati la kitani la rangi ya maziwa, la mtindo wa mababu, mikono mipana kama mapazia, kifuani limefungwa kwa kamba ya ngozi iliyopishanapishana.

"Na wewe umetoka vita gani?" Ailsa akamuuliza.

"Culloden. Tulipigwa vibaya sana. Natafuta treni ya kurudi nyumbani."

"Karibu miaka mia tatu, na bado hujapata treni?"

"Si unazijua reli za hapa?"

Ailsa alicheka mpaka treni ya Perth ikamwacha.

Dukani kwao mashati ya namna ile yalitundikwa pembeni kabisa, kwa ajili ya watalii na walevi wanaomsindikiza rafiki yao kuuaga ukapera. Ailsa aliyadharau. Lakini yule mwanamume wa kituoni, Struan Moncur, alilivaa lake kana kwamba hajawahi kuvaa kingine. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, mtaa wa kale ulio karibu na Waverley, na kuwasimulia habari za wafalme na wanyongaji, kwa hiyo shati lilimfaa. Ajabu ni kwamba hata walipoanza kupendana, hata Jumapili, hata sinemani, alikuja nalo.

"Mpenzi, huna shati la watu walio hai?" Ailsa alimtania kwenye simu.

"Hili ndilo ulilolipenda."

"Nilimpenda aliye ndani."

"Basi usimwamshe, amelala," Struan akasema. Ailsa akacheka peke yake.

Hata hivyo, kulikuwa na mambo. Wakila chipsi za chumvi na sosi barabarani, mkono wa Struan uliruka ghafla na chipsi zikaenda kwa njiwa. Akasema ni baridi, ilhali jua lilikuwa linawaka. Siku nyingine alikasirika kwa neno dogo, akapiga ukuta ngumi, kisha akasimama akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akilala, miguu yake haikulala. Ailsa aliyaona yote hayo, na kila alipotaka kuuliza, alianzisha mazungumzo mengine.

Ndipo ikaja harusi ya mdogo wake, Rhona. Ailsa alimchagulia Struan koti jeusi, tai ya kipepeo na shati jeupe lenye vifungo vidogo vya kung'aa, akampelekea.

"Nitakuja na langu," Struan akasema simuni.

"Baba yangu atadhani umekuja kutumbuiza. Kwa ajili yangu, laazizi. Siku moja tu."

"Sawa," akasema mwishowe. "Nitajaribu."

Siku ya harusi Ailsa alisimama mlangoni pa kanisa na gauni lake la hariri la kijani, upepo ukimvuruga nywele, hadi kengele zikanyamaza. Struan hakutokea. Akapiga simu. Ikapokewa na mwanamke anayehema.

"Struan hawezi kushika simu sasa hivi. Ngoja nimalize kumvisha."

Ailsa akakata simu. Aliingia kanisani akitabasamu, na watu wote wakadhani machozi yake ni ya furaha.

Simu za Struan hakuzipokea tena. Ujumbe wake aliufuta bila kuusoma. Yakapita majuma, majani yakaanza kupukutika, hata mchana mmoja mwanamke mwenye nywele za rangi ya kutu akaingia dukani, akamkuta akinyoosha mikunjo ya kilti.

"Wewe ndiye Ailsa? Mimi ndiye yule wa kwenye simu. Kabla hujanirushia hiyo pasi, mimi ni dada yake. Naitwa Una."

Pasi ikabaki hewani. "Mtu mzima anavishwa na dada yake?"

"Hilo kamuulize mwenyewe. Kamuulize kwa nini havai vifungo."

Ailsa hakusubiri duka lifungwe. Struan alimfungulia mlango, amekonda, amevaa lile shati la mababu. Nyuma yake, shati jeupe lilikuwa limetundikwa kabatini. Vifungo vya juu vilikuwa vimeng'olewa pamoja na kitambaa.

"Siku ile ya harusi nilianza tangu asubuhi," akasema. "Kifungo cha kwanza kilinishinda. Cha pili nikaking'oa kwa hasira. Una alinikuta nimekaa chini nalia, na alipomaliza kunivisha hukuwa ukipokea simu tena. Hili naliingiza kichwani tu, basi. Hata kilti, vikanda vyake ananifunga yeye."

"Unaumwa nini, Struan?"

"Ugonjwa wa Huntington. Unakula ubongo polepole. Mikono kwanza, kisha miguu, maneno, akili. Ni wa kurithi, na baba anao. Nilipima mwaka juzi. Ninao."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia, ungebaki kwa kunihurumia au ungeondoka. Yote mawili nisingeyaweza."

Ailsa alimkumbatia kwa nguvu. Ndani ya mikono yake ule mwili uliruka kidogo, kama mnyama aliyeshtuka usingizini. "Nioe," akasema.

"Usiseme hivyo." Struan akajitoa taratibu. "Nenda kwanza Musselburgh ukamwone baba. Kaa naye mchana mzima. Ukitaka kuondoka, ondoka. Usije hata kuniaga."

Jumamosi Ailsa akaenda. Nyumba ya wagonjwa ilitazama bahari ya kijivu. Mzee Fergus, baba yake Struan, alikuwa amefungwa mikanda kwenye kiti kilichojazwa mito, kichwa kikienda huku na kule, mikono ikikata hewa. Una alikuwa akimlisha uji mzito. Ailsa aliomba kijiko. Alipokisogeza, mkono wa mzee ukamchapa shavuni hadi macho yakamtoka machozi.

"Hakukusudia," Una akasema.

"Najua."

"Zamani alikuwa mchezaji dansi. Wasichana walipigania zamu."

"Na mama yenu?"

"Aliondoka. Struan alikuwa bado mdogo." Una alipangusa kidevu cha baba yake. "Ndiyo maana anataka ukimbie sasa hivi, kabla hajakuzoea."

Ailsa alijikuta akivitazama vidole vya Una vilivyoshika kitambaa. Una akamwona.

"Mimi sijapima," akasema kwa sauti ya chini. "Kila kijiko kikiniponyoka, najiuliza. Lakini sitaki kujua."

Ailsa alipanda basi la kurudi mjini, akapita kituo cha kwa Struan bila kushuka. Kesho yake hakwenda. Keshokutwa yake hakwenda. Alikaa kwake, mlango umefungwa, shavu linauma.

Siku iliyofuata alimkuta Struan kwenye barabara kuu ya Mji Mkongwe, chini ya manyunyu, wageni wakiwa wamemzunguka na miavuli yao. Kitani kilikuwa kimelowa na kumganda mabegani. Alipomwona Ailsa, neno likamkwama katikati ya kisa.

"Umekuja kuniaga?"

"Nilitaka nisije kabisa," Ailsa akasema. "Sikudanganyi, Struan. Naogopa. Baba yako aliponipiga nilitamani kukimbia, na siwezi kukuahidi kwamba sitatamani tena."

"Basi unafanya nini hapa?"

"Siku zote hizi nilikuwa salama kabisa nyumbani kwangu, na sikuipenda hata saa moja. Nakuuliza tena. Utanioa, hutanioa?"

Struan akamsogelea.

"Nitakuoa," akasema. "Mungu anisamehe."

Wageni wakapiga makofi. Kwa shati lile na kilti ile, walidhani ni sehemu ya onyesho. Mzee mmoja akauliza kisa hicho ni cha mwaka gani. Struan akainama kuwashukuru, na alipoinuka mwili wake ukapepesuka na mkono ukaruka juu. Wakacheka kwa furaha, wakapiga picha.

Ailsa akamshika kiuno kwa nguvu, akangoja mtikisiko utulie.

Haukutulia. Wakaanza kuteremka barabara hivyo hivyo.