Mtaalamu wa Bahari kutoka Yamumbi

Kila asubuhi, kabla jua halijaukumbuka mji wa Eldoret, Kipngetich alikuwa amekwisha kukama ng'ombe wa baba yake kule Yamumbi, kupeleka maziwa barabarani na kunawa uso kwa maji baridi ya kuumiza meno. Kisha alivaa sweta yake iliyotoboka viwiko akashika njia ya kwenda shule, mpakani mwa mtaa wa Langas. Njiani ndipo kazi yake ya pili ilipoanza. Hiyo haikuwa na mshahara, lakini aliifanya kwa bidii kuliko ile ya kukama. Kazi yenyewe ilikuwa kudanganya watu.

Tusimwonee. Hakuwa mwizi, wala hakupiga watoto wadogo. Uongo wake ulikuwa wa kuchekesha tu, na aliutoa kwa uso mkavu kama wa mzee wa kanisa anayesoma matangazo ya harambee. Usoni mwake hapakuwa na dalili ya mzaha hata kidogo. Hapo ndipo penye hatari.

Mwaka huo darasa la saba lilikuwa linajiandaa kwa safari ya kisiwa cha Wasini, kule pwani. Wazazi walikuwa wamechanga pesa tangu Januari. Watoto wangepanda gari la moshi hadi Mombasa, basi hadi Shimoni, na hatimaye mashua hadi kisiwani. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona bahari. Maji makubwa waliyoyajua ni Mto Sosiani wakati wa mafuriko. Ila mjomba wa Kipngetich, askari wa polisi, aliwahi kufanya kazi Likoni, naye Kipngetich aliurithi ujuzi wa bahari kutoka kwa mjomba kama mtu anavyorithi shamba.

Basi kila mtu alimwuliza abebe nini.

"Wewe, Virginia, beba viazi," alimwambia msichana wa dawati la mbele. "Nusu gunia hivi. Mashua ya kisiwani ni nyepesi. Kila abiria huja na viazi vyake vya kuituliza, la sivyo upepo unaipeleka Bara Hindi."

"Na mimi?" akauliza Chelimo.

"Kuni. Kisiwani hakuna msitu. Mgeni asiye na kuni hapikiwi."

Virginia alibeba viazi. Chelimo alibeba kuni. Priscah peke yake ndiye hakumwuliza kitu, kwa maana mama yake alikuwa ameshaamua kwamba mtoto wake hatapanda mashua yoyote bila kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha yenye majivu, na katika jambo hilo mama huyo hakuhitaji mtaalamu.

Aliyemsikiliza Kipngetich kuliko wote alikuwa Nderitu. Baba yake alikuwa na duka Langas, na mtoto mwenyewe alikuwa mdogo wa mwili, mwenye macho makubwa, asiyejua kwamba mtu anaweza kusema jambo lisilo kweli na akaendelea kula chakula chake kwa amani. Walikaa dawati moja tangu darasa la nne.

Ijumaa moja, wiki nzima kabla ya safari, Mwalimu Shitanda aliingia darasani na mfuko wa karatasi. Aliwagawia kila mmoja kipande cha gazeti kilichofungwa vizuri, ndani mna tembe nyeupe.

"Hii ni dawa ya kuzuia malaria," alisema. "Huku kwetu baridi inawafukuza mbu, ndiyo maana miili yenu haiijui malaria. Pwani ikiwapata itawaangusha. Mtameza tembe mbili leo baada ya chakula cha mchana, mbili Ijumaa ijayo, na mbili Ijumaa ile nyingine. Zilizobaki zikae kwenye mkoba. Saa nane nitakagua mizigo yote mliyoileta leo, pale uwanjani."

Nderitu aliramba tembe moja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso mzima.

"Kip, hii ni chungu ajabu. Kweli ni mbili mbili?"

Kipngetich hakufikiri. Hilo ndilo jambo alilolikumbuka baadaye kwa uchungu, kwamba hakufikiri hata kidogo. Maneno yalikuja yenyewe, kama maziwa kwenye chuchu ya ng'ombe aliyezoea mkono.

"Mbili ni za watu wa pwani," alisema kwa sauti ya chini, ya kitaalamu. "Wao damu yao imezoea. Yetu ya baridi ni tamu, mbu akiionja mara moja anaita ukoo wake wote. Mjomba alimeza zote kwa siku moja. Damu ikawa chungu, mbu wakawa wanamuuma halafu wanatema."

"Zote?"

"Zote. Lakini wewe ni mwoga, usijisumbue."

Kisha kengele ikalia, naye akasahau.

Saa nane mizigo ilipangwa kwenye nyasi. Mwalimu Shitanda alipita polepole akiufungua mmoja baada ya mwingine. Alipofikia viazi vya Virginia alisimama kwa muda. Alipofikia kuni za Chelimo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Wavulana wa nyuma walikuwa wanauma mikono ya sweta zao wasicheke. Kipngetich alitazama mbingu kama mtu anayesali.

Ndipo Nderitu akakaa chini ghafla.

"Simama, Nderitu," alisema mwalimu.

"Naona ukungu, Mwalimu." Akainama akatapika kando ya mkoba wake. Matapishi yalikuwa ya kijivujivu, na yalinuka maziwa.

Watu wakarudi nyuma. "Alikunywa mursik ya Priscah," mtu mmoja akasema. "Nilimwona kule nyuma ya madarasa."

"Aliniomba mwenyewe," Priscah akasema. "Alisema ana kitu kichungu mdomoni."

Mwalimu Shitanda alikiokota kile kibuyu, akakinusa, akakunja pua. Yeye hakuzaliwa kwenye vibuyu hivyo. "Priscah, haya maziwa ni ya lini? Unataka kuua watu kwa maziwa yaliyooza?"

"Hayajaoza, Mwalimu. Yako hivyo."

"Watu wengine na vyakula vyao," msichana mmoja wa Langas akanong'ona, na mwingine wa Kiplombe, aliyekulia mursik kama Priscah, akageuka kumjibu. Priscah akaanza kulia bila sauti.

Mwalimu aliamuru Nderitu alazwe kivulini, apewe maji, apumzike. Tumbo likishatulia ataenda nyumbani.

Kipngetich alisimama pale pale. Alikuwa ameuona mkoba wa Nderitu, uko wazi, na juu ya nguo kile kipande cha gazeti kimekunjuliwa. Hakikuwa na kitu. Kitu kichungu mdomoni.

Hebu tuwe wakweli juu ya alichofikiri, maana si kizuri. Alifikiri kwanza kuhusu mashua. Akisema, hataiona bahari. Akafikiri kuhusu kiboko cha mwalimu mkuu, halafu kuhusu baba yake. Akajiambia kwamba dawa ni dawa, haiwezi kumdhuru mtu, imetengenezwa kuponya. Akajiambia kwamba pengine ni mursik kweli. Alijidanganya kwa ustadi ule ule aliowadanganyia wengine, na kwa dakika chache alikaribia kuuamini uongo wake mwenyewe.

"Mwalimu," alisema, "labda apelekwe hospitali."

"Kwa sababu ya maziwa?"

"Labda tu."

"Rudi kwenye mstari, Kipngetich."

Akarudi kwenye mstari. Kutoka pale aliweza kumwona Nderitu akijaribu kukaa. Mkono wake ulipapasa hewani, ukitafuta kitu cha kushika.

"Kip," aliita. "Kip, uko wapi? Masikio yangu yanavuma. Hiyo ndiyo damu inageuka?"

Hakuna mwingine aliyeelewa swali hilo. Lilikuwa lake peke yake, na liliulizwa kwa imani kamili, kama mgonjwa anavyomwuliza daktari wake. Kipngetich alitoka kwenye mstari bila ruhusa.

"Mwalimu, si maziwa. Amemeza dawa zote. Mimi ndiye nilimwambia."

"Zote zipi?"

"Za malaria. Zote ulizompa. Nilikuwa namtania."

Mwalimu Shitanda hakumpiga. Hakumgombeza hata. Alimbeba Nderitu mikononi kama gunia la manyoya, akakimbia naye hadi kwenye pikapu ya fundi aliyekuwa anatengeneza paa la shule. "Na wewe panda," alimwambia Kipngetich bila kumtazama.

Hospitalini daktari mmoja kijana, Murunga, aliuliza maswali ya haraka. Alimeza nini? Ngapi? Saa ngapi? Kila swali lilimpita Mwalimu likamfikia Kipngetich, naye alijibu yote, huku akitazama sakafu. Nderitu akapelekwa ndani, akatiwa mpira kooni aoshwe tumbo. Mlango ukafungwa.

Wakaketi kwenye benchi. Mama Nderitu alifika akitokea dukani, leso imefungwa vibaya, vumbi la unga mikononi. "Mtoto wangu amekula nini?" aliuliza.

Mwalimu alifungua mdomo, halafu akamgeukia Kipngetich. Basi Kipngetich alilazimika kusema mara ya tatu siku ile, na hii ndiyo iliyokuwa ngumu kupita zote, maana mama huyo alikuwa amempa mandazi mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Alisema. Mama Nderitu alimsikiliza hadi mwisho, akaketi upande mwingine wa benchi, akafumba macho.

Saa nyingi zikapita, au zilionekana nyingi. Daktari Murunga alipotoka alikuwa anapangusa mikono.

"Ataishi," alisema. "Macho yake yameanza kuona vizuri. Tutamlaza hadi Jumapili tuuangalie moyo. Dawa hii ikizidi hugonga moyo, na moyo wa mtoto haubishani kwa muda mrefu. Mngemlaza kivulini hadi jioni, tungekuwa tunaongea mengine."

Mwalimu Shitanda aliinamisha kichwa. "Na mimi nina kosa langu," alisema. "Dawa ningewapa wazazi, si watoto. Na nilimtuhumu msichana wa watu bure. Lakini wewe, Kipngetich, kwenye safari hii huendi. Ulisema kweli, na kweli hiyo imemwokoa mwenzako. Lakini ulichelewa kuisema, nusura umuue."

"Ndiyo, Mwalimu."

Jumamosi asubuhi, kwenye masomo ya ziada, Mwalimu alianza kwa kumwomba Priscah msamaha mbele ya wote. Kisha akamsimamisha Kipngetich. Mmoja baada ya mwingine, mvulana huyo aliwaambia wenzake ni nini waondoe kwenye mizigo yao. Virginia hakucheka. Chelimo alimwuliza kama kuna jambo lolote alilowahi kumwambia ambalo lilikuwa kweli, naye alifikiri kwa muda mrefu bila kupata.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda hospitalini peke yake, akasimama mlangoni mwa wodi asijue kama ataruhusiwa. Mama Nderitu alikuwa kando ya kitanda, anamimina uji. Alimwona. Alimaliza kumimina kwanza.

"Ingia," alisema. "Baridi inaingia mlangoni."

Nderitu alikuwa amekonda usoni, lakini macho yalikuwa yake. "Daktari anasema nitaenda Ijumaa," alisema. "Ati wewe huendi?"

"Siendi."

"Pole, Kip."

Kipngetich angeweza kuvumilia matusi. Pole ile haikuvumilika. "Mimi ndiye nikuombe msamaha," alisema mwishowe. "Na mama yako pia. Nisamehe, Mama."

Mama Nderitu alimpa mwanawe kikombe, akakishikilia kwa chini kisimwagike.

Nderitu alikunywa kidogo, akafikiri. "Kip, yale maji ya bahari. Ni kweli yana chumvi yote, hadi katikati?"

Jibu lilikuja lenyewe, tamu, limeiva. Lilihusu nyangumi na magunia ya chumvi. Kipngetich alilisikia likipanda hadi kwenye ulimi. Alilimeza.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kuiona."

Nderitu alimtazama kwa mshangao. "Basi nitaionja, nikirudi nikwambie."

Mama Nderitu alichukua kikombe cha pili, akamimina uji, akamnyooshea Kipngetich. Hakumpa mara moja. Alikishika mpaka kijana akainua macho.

"Hilo neno ulilosema sasa hivi, 'sijui'," alisema, "halijawahi kuua mtoto wa mtu. Mwanangu hakumeza dawa, Kipngetich. Alimeza maneno yako, kwa sababu ni yako. Mtu akikuamini amekupa roho yake uibebe, na roho ya mtu haichezewi. Ukijua, sema unachojua. Usipojua, sema hivyo hivyo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Haya. Kunywa uji."